Sifuri Aliyoitupa Atieno

Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa ufuoni iliingia darasani kwetu Kisegi kila adhuhuri, na msimu ule wa kidato cha pili iliingia pamoja na mlio wa kiboko. Tulikuwa tukisoma milinganyo ya kipeo cha pili, ile inayotatuliwa kwa kutafuta vigawo, na mwalimu wetu wa hisabati aliamini kwamba kosa humtoka mtoto kwa kuchapwa, kama vumbi kwenye mkeka. "Samaki mkunje angali mbichi," alipenda kusema. Alituambia hivyo sisi, watoto wa wavuvi, tuliojua vizuri kwamba samaki ukimkunja kwa hasira hukukatikia mkononi.

Siku moja Atieno, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, aliitwa ubaoni kutatua x² = 7x. Akagawanya pande zote mbili kwa x, akaandika x = 7, akaweka chaki chini akitabasamu. Ni kosa la kawaida kabisa. Wengi wetu tulikuwa tumelifanya madaftarini.

"Jibu la pili liko wapi?" mwalimu akauliza.

"Ni moja tu, mwalimu."

"Umeitupa sifuri!"

Atieno akafikiri. "Lakini mwalimu, sifuri si ni hakuna kitu? Inawezaje kuwa jibu?"

Swali zuri kama hilo sikulisikia tena shuleni mle. Mwalimu angeweza kumweleza kwamba hatugawanyi kwa x kwa sababu huenda x yenyewe ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuwezekani. Badala yake alimchapa mikononi mbele yetu, akasema, "Sifuri ni wewe."

Jina likamganda. Uwanjani Sifuri, kisimani Sifuri, hata Jumamosi katika kanisa letu la Wasabato, alipoongoza kwaya ya vijana, hakukosekana wa kumnong'onezea. Akaacha kuuliza, akaacha kuimba, mwishowe akaacha shule. Mama yake alikwenda kumwona mwalimu. Nilikuwa karibu na dirisha.

"Mtoto wangu alikosa nini?"

"Mama, hisabati si ya kila mtu."

Mama akakaza leso yake kiunoni, akaondoka bila kuaga. Atieno akapelekwa kwa shangazi yake Kegonga, akalima huko, akaolewa huko.

Leo mimi ni mwalimu wa hisabati mjini Migori. Nilipomtembelea Atieno mwaka huu, binti yake alimletea daftari la hesabu. Atieno akalisukuma kwangu bila kulifungua. "Muulize mwalimu. Mimi kichwa changu ni kizito." Aliyesema hayo ndiye aliyekuwa na kichwa chepesi kutuzidi sote. Hasira ilinipanda, na hunipanda tena kila wenzangu wanaposema kwamba kiboko cha zamani ndicho kilichotufikisha hapa tulipo. Juzi mwanafunzi wangu aligawanya kwa x vilevile. Nikamwambia, "Jaribu sifuri." Akaiweka mahali pa x, akatazama pande zote mbili, akacheka: "Kumbe inakubali!" Tukaendelea na somo. Maneno mawili tu, na mtu mzima aliyesomea kazi hiyo alimnyima Atieno hata hayo.