Ogdo na Gari Lililogoma Baridini

Ogdo alikuwa mbishi tangu utotoni, na ujane haukumpunguzia ubishi hata chembe. Mumewe alimwachia gari kuukuu, na kwa gari hilo alivusha maziwa ya kijiji, yaliyogandishwa na kutiwa magunia, kila barafu ya mto Aldan huko Siberia ilipokomaa kubeba gari. Asubuhi hiyo, nyuzi hamsini chini ya sifuri, gari likagoma kuwaka. Ushirika wa maziwa ulikwishamwonya: siku maziwa yasipovuka, kazi anapewa shemeji yake, Byotur.

Na Byotur huyo hapo, mikono mifukoni, lori lake likinguruma. Tangu majira ya baridi yaanze hajalizima, lisije likagoma kuwaka.

"Shemeji, betri imekufa hiyo. Nipe magunia ya maziwa nivuke nayo."

"Betri ililala jikoni kwangu, kando ya jiko, nimeifunga sasa hivi. Ina joto kukushinda wewe."

Kioo cha kipimo cha umeme kilikuwa kimeganda, hakisomeki. Ogdo hakubabaika. Alipulizia pumzi kila kiungo cha nyaya nene mpaka vyote vikavaa umande mweupe wa barafu, kisha akazungusha ufunguo. Gari likakoroma, likanyamaza. Akainama na tochi. Viungo vyote vilikuwa vyeupe bado, isipokuwa kimoja: pale waya wa betri ulipofungwa kwenye chesisi, fremu ya chuma ya gari, barafu ilikuwa imeyeyuka, panafuka mvuke.

"Umeme unakwama hapa ndiyo maana panachemka," alisema.

Alifungua bolti. Chini yake rangi ya buluu, nene, inang'aa. Byotur ndiye aliyeipaka chesisi kiangazi, kwa mbwembwe zote.

"Nilikuwa nakukinga na kutu!"

"Kiangazi umeme ulijipenyeza hivyo hivyo. Sasa oili imekuwa gundi, stata inataka umeme mwingi kuizungusha injini, na wewe umeuzibia njia kwa rangi."

Akakwangua kwa kisu mpaka chuma kikaonekana. Ngozi ya kidole ikagandia kwenye bolti ya baridi, ikabaki hapo.

"Utakatwa vidole wewe! Acha!"

"Vyako hivi?"

Akaufunga waya tena, akazungusha ufunguo, gari likawaka kwa kelele na moshi mweusi. Ogdo alicheka kwa sauti. Furaha na hasira vilimjaa pamoja.

"Haya, leo umebahatika," Byotur akanung'unika. "Kesho je?"

"Kesho nitapita mlangoni kwako nikienda mtoni, na nitapiga honi."

Akaanza na honi ya leo, ndefu, mbwa wa kijiji kizima wakabweka.