Mkono Kwenye Keria

Genoveva wa Rusimbi, muuza samaki aina ya migebuka katika soko la Mwanga, Kigoma, alifika umri wa miaka hamsini na tatu hajui kuendesha baiskeli. Kupanda nyuma, hapo sasa, hakuna aliyemweza. Miaka thelathini alikaa kwenye keria ya mumewe, miguu upande mmoja, mtoto mgongoni, beseni mapajani, na hakuwahi kudondosha hata kifuniko. Na kama mke yeyote wa mbeba mawese, aliijua desturi ya vilima: baiskeli ikianza kusuasua unashuka mwenyewe, huambiwi. Mwanamume naye anashuka, anakokota kwa usukani, wewe unaweka mkono kwenye keria unasukuma mpaka juu. Mkifika juu mnapanda, safari inaendelea.

Mumewe ni Manariyo. Mama yake alivuka kutoka Burundi akiwa na mimba yake, kwa hiyo Kirundi, Kiha na Kiswahili humtoka kwa pamoja. Alibeba mawese kutoka vijiji vya milimani hadi Mwanga, madumu matatu kila safari, tangu hana ndevu mpaka zikaota mvi. Kisha presha ya macho ikachukua jicho la kushoto, na la kulia halikukawia.

Macho ni kitu kimoja, lakini Manariyo aliamua na miguu nayo iende. Misimu miwili ya mvua alikaa kwenye kigoda chumbani, redio sikioni, hatoki hata barazani. Kushikwa mkono na kupitishwa sokoni, mbele ya watu waliomwona akiteremka milima na madumu yake, alisema hilo hapana. Alikuwa anapungua kama kipande cha sabuni. Genoveva alimbembeleza, akamgombeza, akanuna siku tatu nzima, wapi. Alichokiogopa alikijua vizuri: siku moja atarudi kutoka sokoni amkute amekwisha, na redio bado inaongea.

Ndipo akatokea Edson, mpima ardhi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Songea. Yeye na wenzake wa maofisini wana baiskeli za matairi manene yenye meno, na kila Jumamosi huvaa kofia ngumu na kaptula za kubana, wakaenda kuzipanda barabara za changarawe huko milimani. Hawana mzigo wa kupeleka, hawana mgonjwa wa kumwona. Wanapanda, wanapiga picha, wanashuka. Rusimbi nzima ilishawajadili ikachoka. Shida yao ilikuwa ramani ya simu, ambayo ilikwishawaingiza mara mbili kwenye shamba la mihogo la mtu. Sokoni wakamwambia Edson kwamba njia zote za kule anazo Manariyo.

"Shikamoo, Mzee," alisema Edson, amechuchumaa mlangoni pa chumba. "Nielekeze tu kwa mdomo, mimi nitaandika."

"Marahaba. Kwa mdomo utapotea tena, mwanangu. Njia zile sizijui kwa mdomo. Nazijua kwa makalio."

Edson akasema basi ataazima gari. Manariyo akacheka, kicheko cha kwanza mwaka ule, akasema kwenye gari mtu hasikii njia, anasikia kiti.

Genoveva alikuwa uani akiparua samaki, na kile kicheko kilimfika. Akaingia na magamba yake mikononi. "Utapelekwa kwa baiskeli," alisema. "Nitakupeleka mimi."

"Wewe?" aliuliza Manariyo.

"Mimi. Edson, mwanangu, kesho njoo unifundishe."

Wee, acha tu. Alijifunzia uwanjani mbele ya nyumba, kwa baiskeli ya mumewe ile ile ya mawese. Alianguka kwenye mchongoma, akaanguka kwenye ndoo, akaangukia kamba ya nguo za jirani yake Winfrida na kurudi nyumbani na shuka la watu shingoni. Jioni ya nne, baada ya kishindo cha tatu, mlango wa chumba ulifunguliwa. Manariyo alitoka akipapasa ukuta, akasimama barazani.

"Mama Lyse, unaangalia tairi," alisema. "Angalia mbele, mbali."

"Umejuaje naangalia tairi?"

"Nakusikia unavyoyumba."

Kuanzia siku ile kigoda kikahamia barazani. Genoveva hakusema neno, maana alijua akisema kitarudi ndani. Miezi miwili alizunguka ule uwanja, kwanza mtupu, halafu na gunia la unga kwenye keria. Edson alibadilisha breki zote mbili. Gunia lilipoacha kumyumbisha, Genoveva alilitua, akamwambia mumewe apande, naye akapanda.

Jumamosi iliyofuata walitoka mapema, wenye kofia ngumu wakiwa mbele. Barabara ya changarawe ilipoachana na lami, Manariyo alianza kuongea kutoka nyuma. "Kuna mfereji unakuja, kaa kulia. Sasa mchanga, usikate usukani. Buhoro, buhoro, polepole." Edson alikuwa akisimama, anaandika, anawafukuzia tena. Mzee hakukosea hata mara moja.

Kwenye kilima cha kwanza miguu ya Genoveva ilikubali yaishe. Kabla hajafungua mdomo, keria ikawa nyepesi: Manariyo alikwishashuka. Mkono wake ukashika chuma cha keria, akaanza kusukuma. Yeye anakokota, mume anasukuma, na mtu asiyejua angeona mwanamume mzima anatembea na baiskeli yake, hajashikwa mkono na mtu.

Mwanamke mmoja aliyebeba kuni alipishana nao. "Shikamoo, Mzee Manariyo. Leo wewe ndiye unasukuma?"

"Marahaba, mama. Ni zamu yangu."

Genoveva alisikia ile sauti, sauti ya zamani, akashukuru kwamba yuko mbele na machozi yake hayana wa kuyaona.

Walipofika katikati ya kilima, Manariyo alisema, "Hiki nilikuwa naweza kukipanda na wewe nyuma."

"Hukuwahi. Hapa nilikuwa nashuka kila siku."

"Ulikuwa unashuka kwa sababu nilikuwa napunguza mwendo. Nguvu nilikuwa nazo."

Genoveva akasimama, na baiskeli ikasimama. Miaka yote ile wanawake wenzake walimtania kwamba ni mzito, mume anamshusha kila penye mwinuko, na yeye akaamini. Kila walipokuwa na safari ya kesho, jioni yake alikuwa anakula ugali nusu.

"Nimelala njaa kwa ajili ya hivi vilima," alisema. "Mbona ulikuwa unanishusha?"

Mkono wa Manariyo ulikuwa bado kwenye keria. "Nyumbani kulikuwa na mama yangu, na wadogo zangu, na watoto, na wageni wasioisha. Sokoni kuna watu. Hapa kilimani tulikuwa wawili. Nilikuwa nataka tutembee."

Genoveva alitaka kumgombeza, na alikuwa na haki. Lakini maneno yaliyomtoka yalikuwa mengine kabisa. "Ungesema tu, Baba Lyse."

"Nilikuwa naona haya."

Wakaendelea kusukuma. Kule juu, ambako ziwa lote huonekana mpaka milima ya Kongo, Edson na wenzake walipiga picha zao. Manariyo alivuta upepo puani, akasema leo ziwa limetulia, na lilikuwa limetulia. Halafu akamweleza Edson njia ya Jumamosi ijayo, ya upande wa pili, ambayo nayo hawezi kuielekeza bila kuipita mwenyewe.

Wakati wa kurudi wale vijana walitangulia. Karibu na Mwandiga barabara ni tambarare kama meza, na hakuna aijuaye tambarare ile kumzidi Manariyo, aliyeipita maisha yake yote. Genoveva alibana breki taratibu.

"Baba Lyse," alisema. "Kilima."

Keria ikawa nyepesi, na mkono ukatafuta chuma ukakishika.

"Ego, ndiyo," alisema Manariyo. "Na hiki ni kirefu."