Kibao chenye Mstari Mwekundu

Kengele ya kanisa ikilia popote, hata hapa Toronto ambako magari huimeza nusu ya sauti yake, mimi husikia harufu ya mkate. Msinicheke. Mkate wenyewe sikuwahi kuuonja. Niliujua kwenye simu tu, mkononi mwa Papa, baba yangu, katika mji mdogo wa kale huko Ufaransa alikokwama karibu utoto wangu wote.

Mama na mimi tulitangulia kufika Kanada, tukapata nyumba ya chumba kimoja juu kabisa kwenye maghorofa ya Crescent Town. Mama alihudumia wazee wasiojiweza, na mchana kutwa hakuwepo. Sheria yake ilikuwa fupi: "Ukitoka ku masomo, ingia, funga mulango. Mutu akigonga, nyamaza." Nilikuwa na miaka tisa. Nikafunga, nikanyamaza, nikaegemea kioo cha dirisha nikiwatazama watoto wakiteleza kwenye theluji kule chini, wadogo kama punje za mchele. Nilikichukia kile kioo, nikaichukia theluji, na watoto wenyewe nikawachukia vilevile.

Jumamosi asubuhi ndipo nilipopumua, Papa alipotupigia simu ya video. Mama alinivalisha gauni la kanisani, akanikalisha kwenye kona yenye kiti tulichopewa na pazia la maua. Papa aliijua kona hiyo tu. Magodoro yetu ya sakafuni na mende wetu hawakuwa na ruhusa ya kuingia kwenye simu. Naye alitokea amenyoa, koti limefungwa hadi shingoni, akatutembeza. Huu ukuta wa mawe, ni mkubwa kwa umri kuliko ukoo wetu mzima. Hawa wazee wa kofia wanarusha mipira ya chuma uwanjani na kugombana kana kwamba wanagawana urithi. Mama muuza mikate alitoka dukani na aproni yenye unga, akanipungia mkono, "Bonjour, ma petite," yaani hujambo, mdogo wangu, nami nikajiona mtu mkubwa. Kengele ikalia. Halafu daraja la mawe, mto, na Papa akageuka kurudi.

Aligeuka kila mara. Nikimwomba tuone ng'ambo, mara mvua inakuja, mara chaji inakwisha, mara kiatu kinambana.

Sasa, nilikuwa nimewasikia kina mama wa kanisani wakinong'ona juu ya wanaume wanaobaki Ulaya na kuoa wazungu. Akili ya mtoto anayeshinda amefungiwa haikosi kazi. Yangu ikajenga nyumba ng'ambo ya lile daraja, ikaweka humo mwanamke mweupe, mtoto wa rika langu, na mbwa. Nilimchukia hadi mbwa. Niliogopa kwamba Papa hatakuja kamwe, na kwamba Mama ndiye peke yake asiyejua.

Jumamosi moja, Mama akiwa jikoni akipika sombe, kisamvu chetu, nilinyanyuka nikaitoa simu kwenye ile kona. Nikamwonyesha Papa magodoro, ndoo chini ya sinki, mlango na mnyororo wake, dirisha.

"Papa, nimekuonyesha byote. Sasa na wewe vuka."

Papa alitazama daraja. Nyuma yake wazee walikuwa wakibishana juu ya mpira wao. Kisha nikasikia viatu vyake juu ya mawe ya daraja. Alisimama mwishoni, akaigeuza simu. Palikuwa na kibao chenye jina la mji, limekatwa kwa mstari mwekundu. Mbele yake barabara, shamba lililokwisha kuvunwa, ng'ombe wawili. Nyumba hakuna.

"Mimi, safari yangu inaishiaka hapa," akasema.

"Juu ya nini?" nikataka kujua sababu.

"Ni vile baliniambia."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mwiko mkononi. Nikasubiri kofi. Badala yake aliketi kwenye godoro na kitenge chake cha kulalia, mbele ya simu, wakatazamana.

"Kumbe munalalaka chini," Papa akasema.

"Na wewe, kumbe balikufunga."

Wakalia wote wawili. Mimi nilifurahi tu kwamba hapakuwa na mbwa. Ule mstari nilidhani mwalimu fulani amesahihisha jina lililokosewa.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba kibao kile huko Ufaransa maana yake mji umeishia hapo, na kwamba Papa, ambaye ombi lake la ukimbizi lilikuwa limekataliwa, alikatazwa na serikali kukipita. Alikuwa akitutembeza ndani ya kifungo chake, amenyoa vizuri, ili sisi tusiwaze.

Alikuja hatimaye, karatasi zake za Kanada zilipotoka. Jumapili huwa tunavuka pamoja daraja la waenda kwa miguu kwenda kituo cha treni. Karibu na mwisho, Papa hupunguza mwendo, akainua macho kama anayetafuta kitu cha kusoma.

"Turudi, mama," huniambia mimi bintiye.

Namshika mkono tunavuka. Simcheki. Nina nyumba yangu sasa kule Markham, pembeni mwa Toronto, na mtu akigonga mlango, hata mchana kweupe, mimi hunyamaza kwanza.