Kiwanja Alichokichagua Nyamizi

Sijaona mtu aliyejua kuchagua mahali pa kulala kama Nyamizi, na sijui ujuzi huo ulimsaidia nini. Mimi ndiye niliyekuwa nikilivuta tela lake kwa trekta. Humo mlikuwa na kitanda, masufuria ya kuwapikia wachimbaji, na mumewe Donatus, ambaye vumbi la machimbo lilikuwa limemmaliza mapafu. Nyumba waliiuza ili atibiwe. Hakupona.

Kila tulikowafuata wachimbaji, huku Geita na kule Bulyanhulu, sehemu za kuegesha zilikuwa za aina mbili. Yadi za matajiri zina ukuta, bomba, choo chenye komeo, na mlinzi asiyeitikia salamu. Viwanja vya kijiji ni vya bure. Ng'ombe wanapita, na karasha za kusaga mawe zinatimua vumbi jirani. Nyamizi, Mama Limi kama tulivyomwita, hakuwahi kusita kuchagua yadi. Alipika kutwa nzima ili Donatus apumue nyuma ya ukuta, na wenye yadi walimkamua bila haya. Hao nawachukia mpaka leo.

Tukiwa Katoro, utingo mmoja wa lori alifia yadini. Mlinzi alimfunika turubai, malori yakaendelea kuingia na kutoka. Hakuna aliyeuliza jina lake wala kutandika mkeka wa msiba. Nyamizi alisimama akitazama mpaka wali ukaungua.

Safari iliyofuata ilikuwa ya kuelekea Tinde. Nilipopunguza mwendo kwenye lango la yadi, aliniambia nipite.

"Twende kiwanja cha kijiji."

"Mama Limi, kule kuna vumbi. Atapumuaje?"

"Nimesema twende."

Tulipoegesha, wanawake wa pale walikuja kutusalimu, wakauliza tumetoka wapi. Nyamizi aliwatajia ukoo wa mumewe, tena polepole, kama anayetaka wausikie vizuri. Kisha akauliza nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji. Donatus alikuwa akisikiliza yote kitandani.

"Mama Limi, mbona leo si yadini?"

Nyamizi alishika ukingo wa tela. "Hapa kuna watu, Baba Limi."

Donatus alimtazama mkewe, akaelewa. Mimi nilimkumbuka yule utingo wa Katoro, nikatamani ardhi inimeze.

"Basi nigeuze nielekee mlangoni," alisema. "Wanijue sura mapema."

Nyamizi akamgeuza. Donatus akaanza kuwasalimu wale wanawake mmoja mmoja, na kikohozi kikawa kinamkatiza kila salamu.