Ukigusa, Umecheza

Rafiki niliyekuwa naye kwa miaka kumi na mitano nilimpoteza kwa neno moja: "Umegusa." Mimi ni dereva, na mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Hilo halinipi nafuu.

Yeye alikuwa mchongaji wa vinyago. Kila Jumapili tukitoka kanisani tulicheza chesi nje ya kinyozi pale Mowlem, na tulianza kwa mtindo uleule, unaoitwa Joka. Ni mchezo wa watu wasio na subira. Mimi mweupe namficha mfalme wangu upande huu, yeye mweusi anamficha wake upande ule, kisha ni mbio. Nasukuma askari wa pembeni nimbomolee ukuta. Yeye anawazuia kidogo kwa askari wake mmoja, lakini kinga yake hasa ni kunishambulia: anaitoa ngome yake sadaka ili amuue farasi anayemlinda mfalme wangu. Akiniwahi, nimekwisha.

Jumapili hiyo aliniwahi. Niliona ngome inakuja. Akanyoosha mkono, ukatetemeka, ukamwangukia askofu aliyesimama kando ya ngome.

"Umegusa!" nikapayuka. Kwetu kete ukiigusa lazima uicheze.

Akanitazama. "Buda, unajua nilikuwa naenda wapi."

"Sheria ni sheria, bwana."

Akamsogeza askofu. Nikamfunga kwa hatua nne. Vijana waliokuwa wakitutazama wakamcheka na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Hakuja tena. Nikasema amenuna, shauri yake. Miezi ikapita, nikakutana na mkewe katika soko la Kariokor akiuza patasi za mumewe. Akaniambia mkono ulianza kutetemeka kabla ya siku ile, na daktari alishasema hautapona. Kuchonga kulikuwa kumemshinda. Wee! Nilisimama pale sokoni nikaona aibu hadi ya kupumua.

Nikaenda nyumbani kwao, mtaa wa Komarock, na ubao wa chesi kwapani. Nikamkuta mkewe akimlisha uji kwa kijiko. Nikamwomba rafiki yangu msamaha, nikamwambia awe ananitajia hatua tu, kete nitamsogezea mimi.

Akameza uji, akatabasamu bila kinyongo chochote.

"Asante, ndugu yangu. Lakini siku hizi kila kitu nafanyiwa. Pale kwa kinyozi ndipo palikuwa pamebaki pa kujifanyia mwenyewe."