Wiki Tatu kwa Jina la Mwingine

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilikuwa na daraja la nne: Kiswahili C, Biolojia D, Fizikia D, Uraia D, Kemia F. Nilitaka kuwa muuguzi, na kwa F ya Kemia hakuna chuo cha uuguzi kinachokupokea. Baba, mkulima wa kahawa Ihanda, aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akasema, "Basi, utarudia mtihani."

Shangazi yangu wa Tunduma hakutaka kusikia habari ya kurudia. Yeye anauza vitenge kwa Wazambia na anaamini kila ofisi ina mtu wa kuonana naye. Alinipeleka kwa mwandikishaji wa chuo kimoja binafsi cha afya. Tulimkuta mezani anakula kuku. Alipokea karatasi yangu kwa vidole vinavyong'aa mafuta, akaipitia huku akitafuna, kisha akaiweka chini ya sahani.

"Kwa hii, haiwezekani," alisema. "Lakini yuko binti mmoja, D zake zimetimia, na hajaripoti. Nasikia ameolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Utasoma kwa matokeo yake. Jina utalizoea."

Nilimtazama shangazi nikidhani atakasirika. Alikuwa anatabasamu.

"Sema asante, mwanangu."

Nikasema asante. 

Siku ya tatu chuoni nilipewa kitambulisho: picha yangu, na chini yake jina la yule binti. Nilijifunza kuitika. Mwalimu akiita, nilichelewa kidogo, wenzangu wakadhani nina matatizo ya masikio.

Wiki ya tatu, nikiwa napita nje ya ofisi ya mwandikishaji, nilisikia jina hilo likitajwa. Mlango ulikuwa wazi. Ndani alisimama mama mmoja na binti yake, aliyekonda, ameshika bahasha ya kaki. Walikuwa wametoka Saza.

"Alikuwa amelazwa, mwalimu," mama alisema. "Cheti cha hospitali hiki hapa."

Mwandikishaji alikipokea na kumrudishia bila kukisoma. "Kompyuta inaonyesha ameshasajiliwa mtu wa jina hilo. Labda mlikosea kujaza fomu. Mjaribu mwakani."

Kisha akainua macho, akaniona mlangoni, akanikonyeza.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia kwa ule ukope wake mmoja. Alinikonyeza kama mwenzake, na nilikuwa mwenzake. Nakiri nilisimama pale nikipima kama naweza kunyamaza. Wale wageni walishafika getini ndipo nikawakimbilia.

"Shikamoo, mama. Jina la mwanao linatumiwa na mimi."

Mama hakuelewa. Binti alielewa. Alisogea, akashika kitambulisho kifuani pangu, akasoma jina lake chini ya uso wangu.

"Kivue," alisema.

Nikakivua, nikampa. Tulikwenda wote watatu kwa mkuu wa chuo, nikasimulia kila kitu. Mkuu alifunga dirisha kwanza. Alituomba radhi kwa sauti ya chini, halafu akatuomba tusilisambaze jambo hili, chuo bado ni kichanga. Aliomba hilo mara nyingi kuliko alivyoomba radhi. Yule binti alianza masomo wiki iliyofuata. Mimi nilifukuzwa siku ileile. Mwandikishaji, nilivyosikia baadaye, alihamishiwa stoo.

"Umenivua nguo mjini," shangazi aliniambia nikifunga begi. "Mtu mwenye F anachagua?"

Nilirudi nyumbani, nikarudia Kemia kwenye kituo cha watahiniwa wa kujitegemea Mlowo, nikapata D. Nikapokelewa chuo kingine na alama zangu hizo dhaifu. Wenzangu walioingia na daraja la pili walinicheka, na nikashangaa jinsi kicheko chao kilivyoniumiza kidogo tu.

Mwaka jana nilikutana na yule binti kwenye semina ya wauguzi. Alinitambua, akaitikia salamu yangu, kisha akahamisha daftari lake na kwenda kukaa mstari wa mbele.