Ratiba Iliyoanikwa kwa Vibanio

Edith ni kitinda mimba wangu, na alizaliwa ameshika chaki. Mkunga alipojaribu kumnyang'anya, alichorwa alama ya kosa kwenye paji la uso, akazikwa nayo. Anayebisha akaulize Nyeri.

Mtoto kama huyo angekuwa nani kama si mwalimu? Alifundisha hesabu kwetu miaka sita, halafu mwaka wa 2011 akapata kazi Doha, katika shule ya watoto wa Wakenya na Waganda. Akapanga nyumba Al Rayyan, yeye na binti yake Chelsea wa darasa la saba. Mimi niliwatembelea 2013, mwezi wa tisa. Joto la huko silielezi sana, mtu asije akaniita mwongo. Nitasema tu kwamba nikianika shuka, nikifika pindo la pili, la kwanza limeshakauka na linaomba maji ya kunywa.

Nilimkuta Edith hali wala halali. Mwalimu mkuu, Bwana Cornelius, alikuwa amemtwika kupanga upya ratiba ya darasa la sita hadi la nane. Kiarabu hakiguswi, ni amri ya serikali. Wazazi wanataka sayansi iongezwe, na maabara ni moja. "Nafasi isipopatikana," Bwana Cornelius alimwambia, "Kiswahili kitoke." Na Kiswahili kikitoka, Mwalimu Kwamboka anayekifundisha hana mkataba, na pale asiye na mkataba hana kibali, anapanda ndege. Kwamboka ndiye aliyempokea Edith uwanja wa ndege siku ya kwanza, akamlaza kwake mwezi mzima. Ratiba ilitakiwa Jumapili, maana wiki ya huko huanza Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Meza ilijaa makaratasi ya miraba. Mimi kusoma sijui, nikamwambia, "Hayo madirisha yako siyaoni. Anika nione."

"Mama, ratiba haianikwi."

"Wewe mwenyewe nilikuwa nakuanika kila asubuhi pamoja na godoro lako, na ulikauka."

Chelsea alicheka, akaleta vibanio vya nguo. Kiango cha kuanikia kilikuwa na kamba tano, na siku za shule ni tano. Kijani kikawa sayansi, chekundu hesabu, cheupe Kiarabu, cha manjano Kiswahili. Edith akabana, akabanua, akabana tena. Kila mara cha manjano kilibaki mkononi mwake.

Nikamuuliza Chelsea, "Asubuhi mkifika mnaanza na rangi gani?"

"Hatuna rangi, shosho. Tunaanza na paredi. Tunasimama ukumbini, Bwana Cornelius anaongea nusu saa."

"Siku gani?"

"Zote."

Nikamtazama Edith. Naye akatazama kibanio. "Paredi haihesabiwi, Mama. Paredi ni paredi. Hata Nyeri ilikuwepo."

"Hata mvua Nyeri ilikuwepo. Mbona hapa hamjaileta?"

Vidole vyake vikaanza kukimbia. Tukimwachia mzee Jumapili na Alhamisi, zinabaki asubuhi tatu. Kila asubuhi darasa moja liende kwa Kwamboka, moja maabara, moja likasome maktaba, kesho yake wabadilishane. Vibanio vyote vikapata kamba.

"Lakini mimi simwambii," Edith akasema. "Anazipenda hizo hotuba kuliko chai."

"Basi mwite chai."

Alikuja Ijumaa baada ya ibada, maana huko hata kanisani huendwa Ijumaa, mtu mfupi mwenye miwani. Nilimjazia sahani ya mukimo, viazi vya kuponda vya kwetu, nikamwambia habari za chifu wetu mmoja aliyeanza kuhutubia baraza asubuhi. Aliongea mpaka watoto wa mstari wa mbele wakaota ndevu, wakaoa, wakazaa. Wajukuu walipoanza shule akageuza karatasi, akasema, "Na sasa jambo la pili."

Bwana Cornelius alicheka mpaka mukimo ukampalia. Kisha kicheko kikaisha polepole. "Huyo chifu, mama, alikuwa mfupi? Mwenye miwani?"

"Alikuwa mrefu," nikasema. "Miwani sikumbuki."

Edith alisimama, akamleta mbele ya kiango, akamweleza kamba kwa kamba. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwalimu, paredi ni nidhamu."

"Ndiyo, Bwana," Edith akajibu. "Na hiki cha manjano ni Kwamboka."

Bwana Cornelius alikigusa kibanio cha manjano. "Jumapili na Alhamisi ni zangu," akasema mwishowe. "Mtu asiziguse."

Jumapili alihutubia saa moja na nusu, maana maneno ya siku zilizofutwa hayakuwa na pa kwenda. Yalimeza kipindi cha Edith cha hesabu chote. Kwamboka, mkataba mpya mkobani, alisimama mbele kabisa mpaka mwisho, na Edith anasema alikuwa akitikisa kichwa kukubali hata pale Bwana Cornelius alipokuwa anakohoa tu.